Tuifungue Sakafu Kabla ya Kuifunika



Ndugu zangu wapendwa, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, nilizungukwa na waumini kadhaa nje ya kanisa. Wote walitaka kujua jambo moja: kwa nini ofisi ya parokia imeng'olewa sakafu ilhali siku ya Kipaimara inakaribia na Baba Askofu yuko njiani kuja? Mama mmoja mjane, ambaye baada ya mavuno alitoa debe zima la maharage kwa ajili ya kazi hiyo, aliniuliza kwa upole ulionichoma kuliko ukali: "Baba Paroko, marumaru zetu ziko wapi?"

Nilimjibu kwa maneno machache, kisha nikaona kwamba swali lake linastahili jibu refu, nalo linastahili kutolewa hadharani, kwa sababu waliotoa ni wengi. Ndiyo maana tafakari ya juma hili haianzi na somo la Dominika. Inaanza na mbao, misumari na boriti. Nawaomba mnivumilie, nitafika kwenye Injili.

Nyumba tunayoizungumzia ni ya zamani. Jimbo letu la Mbulu lilianza kama Prefektura ya Kitume mwaka 1943, likafanywa jimbo mwaka 1953, na askofu wake wa kwanza alikuwa Patrick Winters wa Shirika la Wapalotini. Nyumba nyingi za misheni za nyakati zile zilijengwa kwa kile kilichopatikana: mawe ya mlimani na mbao za misitu yetu. Katika nyumba yetu, waliojenga waliinua sakafu juu ya ardhi kiasi cha mikono miwili, wakalaza boriti za mtarakwa juu ya vijiukuta vya mawe, kisha wakapigilia mbao juu yake. Hawakufanya hivyo kwa sababu ya anasa. Kila anayeijua baridi ya nyanda hizi mwezi wa Juni anafahamu kwamba mbao huhifadhi joto la miguu kuliko saruji. Tena chini ya sakafu waliacha matundu katika kuta za msingi ili upepo upite na kukausha unyevu. Matundu hayo yashikeni akilini, maana yatarudi.

Miaka ikapita, mbao zikachakaa. Zikaanza kulia mtu akikanyaga, nyingine zikabonyea. Vijana wa VIWAWA wakatania kwamba katika ofisi ya parokia hata mwizi hawezi kuingia bila kujitangaza. Kamati ya ujenzi ikapendekeza tuweke marumaru katika vyumba vitatu: ofisi, chumba cha mafundisho ya ndoa na ukumbi mdogo wa Halmashauri ya Walei. Jumuiya zikachanga. Wengine walileta mahindi, wengine mbaazi, wengine vitunguu saumu, na waliokuwa na ng'ombe wakauza ndama. Fedha ikapatikana, marumaru zikanunuliwa. Fundi akaja, akaitazama sakafu akiwa amesimama mlangoni, akasema kazi ni ya siku nne: anamwaga saruji na mchanga juu ya mbao, analaza marumaru, anaziba viungo, basi.

Nami nilikuwa tayari kumruhusu. Nilisita kwa sababu moja tu. Miaka michache iliyopita tulifanya kazi ya namna hiyo katika kijukwaa cha mbao kilichomo ndani ya sakristia. Siku ya kwanza kiling'aa hata watumishi wa altare wakaogopa kukikanyaga. Masika yalipokwisha, viungo vilikuwa vimepasuka. Ilipofika Noeli, marumaru sita zilikuwa zikicheza kama meno ya mzee. Hatukulizungumza. Tulitandika zulia juu yake.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Nimejifunza baadaye, nami nawaeleza kwa kuwa wengi wenu mna nyumba na mnaweza kupata hasara ileile. Mbao huendelea kubadilika hata baada ya mti kukatwa. Wakati wa mvua hunywa unyevu na kutanuka. Wakati wa kiangazi hukauka na kusinyaa. Marumaru na saruji havifanyi hivyo. Ukivigandamanisha moja kwa moja, kila msimu mbao zitavuta upande huu na marumaru zitakataa, mpaka kilicho kigumu kipasuke. Tena mbao hunesa mtu anapopita, na marumaru haijui kunesa. Wajuzi wa kazi hii huweka kipimo kwamba sakafu ya kubeba marumaru, ikiwa na mzigo wake, isipinde zaidi ya sehemu moja ya 360 ya urefu wa boriti kati ya nguzo na nguzo. Kwa boriti ya mita 3 na sentimita 60, hiyo ni milimita 10 tu, upana wa kidole.

Kisha kuna uzito. Saruji na mchanga wa unene wa sentimita 1 katika eneo la mita moja ya mraba huwa na uzito wa kilo 20 hivi. Tukimwaga sentimita 5, ni kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Ofisi yetu ina mita za mraba 20: hizo ni tani 2 kabla hatujaweka marumaru, meza, kabati la vitabu vya ubatizo na watu. Boriti za kale hazikuambiwa kwamba siku moja zitabebeshwa mzigo huo. Na saruji hiyo humwagwa ikiwa na maji mengi, maji ambayo hunywewa na mbao zilizo chini yake siku ileile.

Nikamwita mzee mmoja wa kigango chetu, seremala aliyestaafu. Hakusema neno juu ya marumaru. Aliomba beseni la maji, akaliweka katikati ya ofisi, akamwambia kijana arukeruke kando ya ukuta. Maji yakachezacheza hadi yakamwagika. Akaniangalia, akasema, "Baba, hapa hatuweki kitu. Hapa tunafungua kwanza."

Tukafungua. Mbao ya tatu ilipong'oka, harufu ya uozo ikatupanda puani. Boriti za awali za mtarakwa zilikuwa nzima karibu zote, kwa maana mtarakwa ni mti usiopendwa na mchwa. Lakini mahali palipofanyiwa matengenezo baadaye kwa msonobari, mchwa walikuwa wamekula hadi likabaki ganda. Ungeweza kulitoboa kwa kidole. Ardhi ya chini ilikuwa na unyevu kama ya bustanini. Mzee akatoka nje, akazunguka ukuta, akaanza kufukua kwa jembe katika kitalu cha maua kilicho chini ya dirisha. Akayakuta yale matundu ya upepo. Yalikuwa yamezibwa kwa udongo na mawe.

Wapendwa, kitalu kile niliagiza mimi. Nilipofika parokiani niliona ukuta wa mbele ni mkavu, haupendezi, nikaagiza udongo uletwe, maua yapandwe, na matundu yazibwe ili nyoka na panya wasiingie. Kwa miaka yote hiyo kila jioni maua yalimwagiliwa, na maji yakashuka chini ya sakafu ya nyumba isiyoweza tena kupumua. Mgeni aliyepita alisifu maua. Nami nilizipokea sifa hizo.

Siandiki haya ili nionekane mnyenyekevu. Nayaandika kwa sababu mama yule aliuliza fedha yake iko wapi, na sehemu ya jibu ni hii: imekwenda kutengeneza kosa la paroko wake.

Sasa niwaeleze kilichofanyika. Katika ofisi, ambako uozo ulikuwa umeenea, tuliondoa mbao zote pamoja na boriti. Boriti nzima za mtarakwa tumezihifadhi. Shimo limejazwa mawe na kokoto zilizoshindiliwa, ikatandikwa nailoni nzito ya kuzuia unyevu usipande, kisha zege likamwagwa juu yake. Hapo mzee wetu alitufundisha jambo ambalo hakuna hata mmoja katika kamati angelikumbuka: kabla ya kujaza, alipitisha mabomba chini, kutoka matundu ya ukuta wa nje hadi chumba cha pili. Kwa sababu gani? Kwa sababu chumba cha pili bado kina sakafu ya mbao, na kama tungeziba ofisi kwa zege tupu, tungekikata upepo, nacho kingeoza kwa zamu yake. Zege lilimwagiliwa maji kila siku kwa siku 7, na linahitaji kuachwa hadi siku 28 kabla ya kulazwa marumaru. Hesabu ni nyepesi: Baba Askofu atakuja kabla ya siku hizo kutimia, atapokewa juu ya zege tupu.

Katika chumba cha mafundisho ya ndoa, boriti zilikutwa imara. Hapo inawezekana kuweka marumaru juu ya mbao, lakini kwa utaratibu wake. Misumari iliyolegea hung'olewa na mbao hukazwa upya kwa skrubu. Mbao zilizooza hubadilishwa kwa mbao zilizokauka vizuri. Pima maji hupitishwa kila upande ili mabonde na miinuko ijulikane. Kisha hulazwa plaiwudi nene isiyoharibiwa na unyevu, viungo vyake vikipishana, na kati ya ubao na ubao huachwa upenyo wa milimita 3 ili utanukapo usisukumane na mwenzake. Juu yake hulazwa bodi za saruji, kisha gundi ya marumaru ya aina inayonyumbulika, wala si saruji na mchanga wa kawaida. Kandokando ya kuta zote huachwa nafasi, nayo hufichwa na ubao wa ukutani.

Tulipopiga hesabu ya hayo yote, tuliona fedha haitoshi. Kwa hiyo kamati imekubali neno la mzee: chumba hicho kibaki na mbao zake. Zimepigwa randa na msasa, zikapakwa mafuta, na matundu ya upepo yamefunguliwa na kuwekewa wavu wa kuzuia panya. Ukumbi mdogo utasubiri. Fedha iliyotazamiwa kutosha vyumba vitatu imetosha kimoja na nusu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hakuna atakayeiona tena.

Hapa ndipo ninapotaka kutoa maoni yangu, nanyi mna haki ya kuyapinga.

Naona kwamba sisi Wakristo wa siku hizi tumekuwa hodari wa kufunika. Tunapenda harambee ya kile kitakachoonekana: mnara, lango, marumaru, rangi mpya. Ukitangaza mchango wa kuchimba mtaro wa maji nyuma ya kanisa, au wa kubadilisha kenchi zilizoliwa na mchwa, watu hukohoa. Na sisi mapadre hatuko nyuma. Kila mmoja wetu angependa siku ya kuhamishwa iweze kusemwa, "Huyu ndiye aliyeweka marumaru." Hakuna paroko anayekumbukwa kwa kuzibua matundu ya upepo.

Lakini Maandiko yana mtazamo mwingine. Kitabu cha Walawi, sura ya 14, kinatoa maagizo juu ya nyumba iliyoingiwa na pigo kutani mwake. Mwenye nyumba anapaswa kwenda kwa kuhani na kusema kwamba anaona kitu kama pigo nyumbani mwake. Kuhani hapaki chokaa. Anaamuru nyumba iondolewe vitu, anaingia kuitazama, kisha anaifunga siku 7. Akirudi na kuona pigo limeenea, mawe yenye doa hung'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta hukwanguliwa, mawe mengine huwekwa na lipu mpya hupakwa. Pigo likirudi tena baada ya hayo yote, nyumba hubomolewa. Nimeyasoma maneno hayo tangu seminarini nikidhani ni sheria za kale zisizotuhusu. Sasa nayasoma kama mtu aliyepaka lipu kabla ya kutazama.

Bwana wetu naye alisema juu ya mtu anayeshona kiraka kipya katika vazi kuukuu (Mk 2:21). Kiraka husinyaa, vazi huchanika, na tundu huwa kubwa kuliko la kwanza. Wala kosa si la kiraka, maana nguo mpya ni njema. Kosa ni kuunganisha vitu viwili visivyotembea pamoja bila kuviandaa. Kijukwaa cha sakristia kilikuwa mahubiri ya andiko hilo, nasi tukayafunika kwa zulia.

Najua pingamizi zinazosemwa. Wengine wanasema ni aibu kumpokea Baba Askofu penye zege. Kwangu aibu ni kumpokea penye udanganyifu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliwahimiza maaskofu watafute uzuri wenye heshima kuliko fahari tupu. Zege lililonyooka kwa pima maji, katika nyumba inayopumua, lina heshima yake.

Wengine wanasema parokia nyingine zimelaza marumaru bila maneno mengi. Sijui kilicho chini ya sakafu zao, wala si kazi yangu kujua. Najua kilichokuwa chini ya yetu.

Wengine, nao ndio ninaowaheshimu zaidi, wanasema, "Tulitoa kwa ajili ya marumaru, si kwa ajili ya mabomba na mawe." Hao wana haki. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inamtaka kila msimamizi wa mali za Kanisa awe na uangalifu wa baba mwema wa nyumba (kanuni 1284), na inamdai awape waamini hesabu ya mali walizomtolea Kanisa (kanuni 1287). Baba mwema hatumii fedha za watoto kununulia pambo la kufunikia ufa. Lakini pia habadilishi matumizi bila kuwaambia watoto. Nilipaswa kuwaiteni kabla ya mbao ya kwanza kung'olewa. Sikufanya hivyo, nawaomba radhi. Dominika ijayo mwenyekiti wa kamati ya fedha atasoma hesabu yote, pamoja na gharama ya kuondoa kitalu changu cha maua, nayo itabandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Kuna jambo moja naliogopa kulisema, lakini sisi wa pande hizi hatuwezi kuzungumza juu ya ardhi na maji bila kukumbuka tarehe 3 Desemba 2023, mvua ilipoloanisha ubavu wa Mlima Hanang hadi tope, mawe na miti vikashuka juu ya Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Ndugu zetu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mtu asije akatumia mfano wa sakafu yangu kusema kwamba waliofikwa na janga lile walikuwa na uozo uliofichika kuliko sisi. Yesu alilikataa wazo hilo waziwazi alipozungumza juu ya wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Lk 13:4-5). Wale walilala katika nyumba zao kwa haki kama ulalavyo wewe. Nalikumbuka kwa sababu nyingine. Wazee wetu Wairaqw, waliochimba tembe zao ubavuni mwa kilima, walitazama kwanza maji yanapita wapi. Wabarbaig hawakupiga boma bila kuisoma ardhi. Sisi tunaonunua marumaru mjini tumeanza kuisahau elimu hiyo, na wazee wenye kuijua wanapungua kila mwaka. Mzee aliyetuokoa hakuwa katika kamati ya ujenzi, wala hakuna aliyefikiri kumwita.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa parokia yetu. Kwanza, kamati isipitishe kazi yoyote ya sakafu, paa au ukuta kabla ya kufungua na kutazama kilicho ndani, hata kama fundi anasema anaona kwa macho. Pili, katika kila mchango wa ujenzi itengwe sehemu kwa ajili ya kazi zisizoonekana, nayo itangazwe kwa jina lake bila haya. Tatu, kila kamati iwe na angalau mzee mmoja aliyewahi kushika jembe, randa au mwiko, hata kama hajui kuandika muhtasari.

Na juu ya sakafu zetu nyingine? Wiki hii familia za watoto wa Kipaimara zitakuja kuungama. Mnajua desturi yetu: tunanunua nguo nyeupe, tunachinja mbuzi, tunapaka nyumba rangi. Wakati huohuo ndugu wawili wa jumuiya moja hawajasalimiana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, na wote wawili watakaa benchi la mbele siku ile. Sitawalazimisha. Nasema tu kwamba beseni la maji liko katikati ya chumba, na kila mtu anaona yanavyochezacheza.

Mama uliyeuliza, jibu lako ni hili. Marumaru zako ziko stoo, katika maboksi yake, hazijavunjika hata moja. Debe lako la maharage liko chini ya zege la ofisi, katika mawe, nailoni na mabomba. Hutaliona tena. Lakini siku 28 zikitimia utakuja na watoto wako kuandikisha majina, mtasimama hapo, na sakafu haitalia.

Nawatakieni Dominika njema na maandalizi mema.

Wenu katika Kristo,
Paroko